Uchungu wa dawa ya kichocho na daftari lililoachwa wazi

Mzazi, huenda hili limewahi kukupata. Umempakata mtoto wa miaka minne, kidonge umekisaga kwa kijiko, umekitia kwenye maji ya sukari na kumwambia, "Kunywa baba, ni tamu." Anaonja mara moja tu. Uso unakunjamana, anakutazama kama aliyedanganywa na mtu anayemwamini, kisha vyote vinarudi: dawa, sukari na uji wa asubuhi. Unabaki na kijiko mkononi ukijiuliza: imeingia kiasi gani? Nimpe nyingine? Au niache tu?

Kama dawa hiyo ilikuwa ya kichocho, usijilaumu wala usimlaumu mtoto. Dawa hiyo, praziquantel, ni chungu kweli kweli, na sababu ya uchungu wake inajulikana. Njia ya kuuondoa ilitafutwa na wanakemia walioamua kufanya kazi yao hadharani, mafanikio na makosa yao yakionekana na kila mtu. Wiki hii nakueleza kisa hicho, kwa sababu kinakuhusu wewe na mwanao hata kama hujawahi kukanyaga maabara. Mwishoni nitakupa mambo ya kufanya nyumbani na kituoni.

Kwa nini tulizungumze hapa Songwe

Tanzania inatajwa kuwa nchi ya pili Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho. Watu wengi wakisikia hivyo hufikiria Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria. Ni kweli huko mzigo ni mkubwa, lakini ugonjwa huu haujui mpaka wa mkoa. Unahitaji vitu vitatu tu: maji ya mto, bwawa, mfereji au ziwa, konokono wa aina fulani ndani ya maji hayo, na mtu mwenye ugonjwa anayejisaidia majini au karibu na maji.

Sasa angalia mkoa wetu. Kamsamba wilayani Momba watu wanalima mpunga, miguu majini siku nzima, na Mto Momba unaelekea Ziwa Rukwa. Ileje kuna Mto Songwe. Tunduma shida ya maji si habari mpya, na pale bomba linapokauka watu huchota popote wanapopata. Tena Tunduma ni mji wa njia: madereva wa malori, wafanyabiashara na familia zinazohama huja kutoka kila kona ya nchi na kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Mtu husafiri na minyoo yake bila kujua.

Kichocho huingia bila kuuma. Vijidudu vichanga vinavyotoka kwa konokono hupenya ngozi ya mtu aliye majini, iwe anaoga, anafua, anavua au anacheza. Vikikua huwa minyoo inayoishi ndani ya mishipa ya damu kwa miaka kadhaa. Minyoo yenyewe haisumbui sana. Kinachoumiza ni mayai yake, ambayo mengi hukwama kwenye nyama za mwili. Aina moja hushambulia kibofu na njia ya mkojo, na mtoto hukojoa damu. Aina nyingine hushambulia utumbo na ini, na baada ya miaka tumbo huweza kuvimba. Kwa wasichana na wanawake, kichocho cha mkojo huweza kujeruhi pia sehemu za uzazi, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Mtoto mwenye kichocho cha muda mrefu hupungukiwa damu, hudumaa na huchoka darasani, na pengine mwalimu humwita mvivu.

Dawa ipo, tena ni nzuri. Praziquantel ilibuniwa Ujerumani miaka ya 1970. Kampuni ya Merck ya huko imekuwa ikiitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu mwaka 2007, na ndiyo hiyo inayofika shuleni wakati wa kingatiba.

Watoto walioachwa chini ya kijiti

Kama umewahi kuwapo shuleni siku ya kingatiba, umekiona kile kijiti cha kupimia urefu. Badala ya kumpima kila mtoto uzito, mwalimu au mhudumu wa afya humsimamisha kando ya kijiti na kusoma idadi ya vidonge. Mtoto wa sentimita 94 hadi 110 hupata kidonge kimoja cha miligramu 600, na kadiri urefu unavyoongezeka vidonge navyo huongezeka.

Lakini chini ya sentimita 94 kijiti hakisemi kitu. Mtoto wa miaka miwili au mitatu, ambaye mama humpeleka mtoni na kumwogesha kwenye maji yale yale, hakuwa na nafasi. Kwa miaka mingi mpango wa kingatiba ulianza na watoto wa umri wa shule. Duniani, watoto wapatao milioni 50 wenye umri chini ya kwenda shule wanahitaji tiba ya kichocho, na wengi wao waliachwa hivyo hivyo.

Hawakuachwa kwa sababu hawaugui. Waliachwa kwa sababu kidonge ni kikubwa, mtoto mdogo anaweza kupaliwa nacho, na kukisaga kunafungulia uchungu wote. Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo mpya unaoruhusu kingatiba kuanzia umri wa miaka 2 katika maeneo yenye maambukizi, pamoja na watu wazima. Lakini mwongozo ni karatasi. Mtoto akitapika dawa, karatasi haimtibu.

Ndala mbili ndani ya kidonge kimoja

Uchungu unatoka wapi? Chukua jozi ya ndala. Ya kulia na ya kushoto zimetengenezwa kwa mpira ule ule, zina uzito ule ule na kamba zile zile. Hata hivyo ukivaa ya kulia mguu wa kushoto, unajua mara moja kwamba imekataa.

Molekuli nyingi za dawa ziko hivyo. Zina sura mbili zinazofanana kama ndala ya kulia na ya kushoto. Kiwanda kinapotengeneza praziquantel kwa njia ya kawaida, kinapata sura zote mbili, nusu kwa nusu. Mwili wa mnyoo ni kama mguu: unakubali sura moja tu. Nusu moja ya kidonge ndiyo inayoua minyoo. Nusu nyingine inapita tu, haitibu kichocho.

Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kuonja sura hizo kila moja peke yake. Ile isiyotibu ndiyo iliyokuwa chungu zaidi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya uchungu unaomliza mwanao inatoka kwenye ile nusu ambayo haimsaidii.

Basi utasema: si waitoe hiyo nusu? Hapo ndipo penye kazi. Kutenganisha molekuli zinazofanana kiasi hicho kunawezekana, lakini kwa kawaida ni ghali. Praziquantel ni dawa ya maskini; kidonge chake ni cha senti chache za dola, na muda wa hataza, yaani haki ya mgunduzi kuuza peke yake, ulishapita zamani. Kampuni inayotafuta faida haikuwa na sababu kubwa ya kuhangaika. Ilihitajika njia rahisi na ya bei ndogo, na mtu wa kuitafuta bila kutarajia kuiuza.

Daftari lililoachwa wazi

Mtu huyo alikuwa mwanakemia Matthew Todd, wakati huo akifundisha Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Kwa desturi, mwanakemia hufanya majaribio kimya kimya kwa miaka, huandika kwenye daftari lake la maabara, hulifungia kabatini, na dunia husikia habari pale tu anapochapisha kilichofanikiwa. Majaribio yaliyoshindikana hubaki kabatini. Mwenzake wa nchi nyingine hurudia makosa yale yale, kwa fedha nyingine na kwa miaka mingine.

Todd na wenzake walifanya kinyume. Waliliweka tatizo la praziquantel kwenye intaneti na kuomba msaada kwa yeyote mwenye ujuzi. Kazi ya maabara iliposhika kasi mwaka 2010, kwa fedha za serikali ya Australia na WHO, daftari lenyewe lilikuwa wazi. Jaribio la leo lilionekana leo, likiwa limefanikiwa au limeharibika, na mtu yeyote aliruhusiwa kusoma, kukosoa, kunakili na kutumia.

Waliojitokeza hawakuwa maprofesa peke yao. Wengi walikuwa wanakemia wa viwandani, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutenganisha molekuli za namna hiyo lakini ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kuhusu kichocho. Walisema: jaribuni hivi, acheni ile, njia hii itawagharimu mno.

Njia iliyoshinda ilikuwa ya zamani na rahisi. Huvunjwa kwanza praziquantel hadi hatua yake ya nyuma kidogo, kisha huongezwa asidi maalumu ambayo nayo ina sura ya mkono mmoja. Asidi hiyo hushikana na ndala ya upande mmoja na kuganda kama chumvi. Ya upande mwingine hubaki kwenye maji. Unachuja, unarudi hatua ile uliyovunja, na unapata dawa yenye sura moja. Asidi yenyewe hutengenezwa kutoka kwa asidi ile ile inayofanya ukwaju uwe mkali. (Tafadhali, usije ukampa mtoto juisi ya ukwaju ukidhani ni dawa ya kichocho. Ninachosema ni kwamba malighafi haikuwa ya ajabu wala ya bei mbaya.)

Wakati huo huo kampuni moja ya utafiti ya Uholanzi ilikuwa ikilifanyia kazi tatizo hilo kwa mkataba. Pande zote mbili zilifika kwenye majibu yanayofanana, na mwaka 2011 zikachapisha pamoja kwenye jarida ambalo halilipiwi kusoma. Maelezo ya njia hiyo yapo hadi leo, hatua kwa hatua. Mwanafunzi wa kemia wa Mbeya anaweza kuyafungua kwenye simu yake bila kulipa hata shilingi, sawa na profesa wa London.

Watoto wa Tanzania walioonja na kutema

Kujua namna ya kutenganisha molekuli bado si kupata dawa ya mtoto. Mwaka 2012 uliundwa muungano wa kutengeneza praziquantel ya watoto, ukihusisha Merck ya Ujerumani, Astellas ya Japani na taasisi za utafiti, zikiwamo za Afrika. Muungano ulichagua kutumia ile nusu inayotibu peke yake. Dawa iliyopatikana inaitwa arpraziquantel: kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka kwenye maji.

Lakini nani wa kusema kama mtoto ataikubali? Hilo mashine haijui. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, hapa Tanzania, walishiriki kulijibu kwa njia ambayo kila mzazi angeielewa. Watoto 48 wa miaka 6 hadi 11 walipewa dawa mbalimbali kinywani, wakasukutua na kutema bila kumeza, kisha wakaonyesha walivyoisikia kwa kutumia mstari wenye picha za nyuso, kuanzia uso wa kununa hadi uso wa kucheka. Vidonge vipya vya kuyeyuka, vilipochanganywa na maji, vilipata alama nzuri kuliko kidonge cha kawaida kilichosagwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, nayo kwenye jarida linalosomwa bure.

Baadaye likafuata jaribio kubwa zaidi nchini Kenya na Ivory Coast, kwa watoto 288 wa miezi mitatu hadi miaka sita. Waliopona walikuwa karibu asilimia 90 au zaidi. Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuikubali dawa hiyo, Mei 2024 WHO ikaiingiza kwenye orodha ya dawa ilizozihakiki, na mwaka 2025 watoto wa kwanza nje ya majaribio walianza kuipata nchini Uganda.

Kampuni zilitumia njia zao za kiwandani, na sitaki ufikiri kwamba daftari la wazi peke yake ndilo lililozaa kidonge. Majaribio ya binadamu yanahitaji fedha, madaktari na viwanda. Lakini daftari lile lilionyesha kwamba kizuizi cha bei kinaweza kuvukwa, na lilifanya hivyo bila mtu yeyote kuweka kufuli mlangoni. Kama kesho kiwanda cha Afrika Mashariki kitataka kuanzia pale, hakuna wa kukizuia.

Si kichocho peke yake

Ukishaielewa habari ya daftari, utaelewa mambo mengine yanayoendelea kwenye utafiti wa dawa. Mwaka 2010 kampuni ya GlaxoSmithKline ilipima karibu molekuli milioni 2 kuona zipi zinazuia kimelea cha malaria, kisha ikaziweka hadharani 13,533 zilizoonyesha matumaini. Todd na wenzake walizichukua baadhi na kuanzisha mradi wa malaria wenye masharti machache: data zote wazi, mawazo yote wazi, hakuna hataza.

Masharti hayo yalileta kisa kingine. Mwaka 2015 kampuni moja Marekani ilipandisha bei ya kidonge cha Daraprim kutoka dola 13.50 hadi dola 750. Kilichomo ndani ni pyrimethamine, dawa ya miaka mingi. Mama mjamzito wa Tanzania anaifahamu bila kujua jina, kwa kuwa ni sehemu ya vile vidonge vya SP anavyomeza kliniki kujikinga na malaria. Mwaka 2016 wanafunzi wa sekondari mjini Sydney, wakiongozwa na wanakemia wa mradi huo huo na wakiandika kila hatua kwenye daftari la wazi, walitengeneza gramu 3.7 za pyrimethamine kwenye maabara ya shule kwa gharama ya dola 20 hivi. Hazikwenda kutibu mtu, maana dawa ya shule si dawa ya hospitali. Lakini zilimwonyesha kila mzazi kwamba bei ya dawa na gharama ya kuitengeneza ni vitu viwili tofauti.

Pamoja na data kuna programu za kompyuta. Zamani programu za kuchora na kulinganisha molekuli ziliuzwa kwa leseni ambazo vyuo vyetu visingemudu. Leo zipo programu huria kama RDKit na Open Babel, ambazo yeyote anazipakua bure, anaona zilivyoandikwa ndani na anaruhusiwa kuzirekebisha. Tangu mwaka 2004 ipo pia hifadhi ya PubChem yenye taarifa za mamilioni ya kemikali, bila malipo. Kijana wako anayesoma kemia akikuomba fedha za bando akasema ni ya masomo, usimkatalie haraka. Inawezekana anasema kweli.

Uwazi una mipaka: jina la mwanao

Hapa mzazi makini ataniuliza: kama kila kitu kinawekwa wazi, je, na majibu ya mkojo wa mwanangu yataonekana kwenye intaneti?

Hapana, na ni muhimu uijue tofauti. Kinachowekwa wazi ni habari za molekuli, hatua za maabara na matokeo ya jumla. Wale watoto 48 walioonja dawa, dunia nzima inaweza kusoma alama walizotoa, lakini hakuna anayeweza kusoma majina yao. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Utafiti wa afya nchini lazima uidhinishwe na kamati za maadili, ikiwamo ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Aidha, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtafiti akibisha hodi kwako, una haki ya kuuliza: utafiti huu ni wa nini, nani ameuruhusu, mtoto atafanyiwa nini, damu au mkojo wake utapelekwa wapi, majibu nitayapataje, na nikikataa huduma ya kawaida itaendelea? Jibu la swali la mwisho lazima liwe ndiyo. Kukataa hakukunyimi matibabu.

Na mpaka wa pili: njia ya kutengeneza dawa kuwa wazi hakumpi mtu wa stendi ruhusa ya kukuuzia vidonge kwenye mfuko wa rambo. Mji wa mpakani kama Tunduma hupitisha bidhaa za kila aina. Dawa isiyo na boksi, isiyo na tarehe ya kuisha muda, au yenye boksi usiloweza kulisoma, iache. Praziquantel ya kingatiba hutolewa bure.

Wewe ufanye nini

Kwanza, siku ya kingatiba mlishe mtoto kabla hajaenda shule. Dawa hii huleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kichwa kuuma au kizunguzungu, na tumbo tupu huzidisha. Dalili hizo kwa kawaida ni za muda mfupi, na huwa kali zaidi kwa mwenye minyoo mingi. Ukiwaona watoto wawili watatu wamelala chini ya mwembe wakishika tumbo, usikimbilie kusema wamewekewa sumu.

Pili, usimbane mtoto pua wala kumlazimisha kumeza akiwa analia. Anaweza kupaliwa, na hiyo ni hatari kuliko kichocho cha siku hiyo. Mtulize, mwambie mhudumu, msubiri. Na usimwambie ni tamu. Mwambie ni chungu kidogo na kwamba maji yapo tayari.

Tatu, akitapika, usimwongezee dozi kwa kukisia. Mweleze mhudumu ametapika baada ya muda gani, naye ataamua.

Nne, kama una mtoto wa chini ya umri wa shule anayekwenda nawe mtoni au shambani kwenye mpunga, usingoje kingatiba. Mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo na choo, hasa ukiona damu kwenye mkojo au choo. Uliza pia kuhusu dawa ya watoto ya kuyeyuka na utaratibu wa kuipata. Swali la mzazi mmoja ni dogo, lakini wazazi ishirini wakiuliza kwenye zahanati moja, mganga mfawidhi atalipeleka wilayani.

Tano, mama mjamzito au uliyechelewa kuona siku zako, mweleze mhudumu kabla ya kumeza. Mwongozo wa WHO unaruhusu dawa hii baada ya miezi mitatu ya mwanzo, na unairuhusu kwa anayenyonyesha.

Sita, kumbuka kwamba dawa huua minyoo mikubwa lakini haiui vizuri ile michanga, na haimkingi mtoto asiambukizwe tena kesho akirudi kwenye maji yale yale. Ndiyo maana kingatiba hurudiwa. Choo kinachotumika, maji ya bomba au kisima, na kuacha kujisaidia mtoni ndivyo vinavyokata mzunguko.

Saba, mtoto akipata madhara yasiyo ya kawaida, yaripoti. Mwambie mhudumu akujazie fomu ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Wengi hudhani fomu hiyo ni ya kumshtaki mtu. Siyo. Taarifa yako, bila jina lako, huunganishwa na za nchi nyingine kwenye hifadhi ya WHO inayotunzwa Uppsala, Sweden, na hapo ndipo wataalamu hugundua kama dawa fulani inasumbua watoto wengi. Aliyetapishwa na dawa Momba na aliyetapishwa Mombasa wanahesabiwa pamoja.

Utaona basi kwamba hata wewe una ukurasa kwenye lile daftari. Wanakemia waliandika waliposhindwa ili wengine wasirudie makosa. Mzazi akinyamaza dawa inapotapikwa, akiitupa chooni na kusema mtoto amekunywa, kitabu cha shule kitaandika amepata kingatiba na minyoo itaendelea kuishi. Akisema ukweli, mtoto atapangiwa siku nyingine, na dunia itajua kwamba kidonge bado ni kichungu.

Kwa hiyo siku ya kingatiba ikifika, mpe mwanao uji, mfuate hadi shuleni kama una nafasi, na dawa ikirudi, inua mkono useme: "Mwalimu, huyu wangu ametapika."